Simu Niliyompigia Mzee Dou

Mwaka ule nilikuwa na wanafunzi mia mbili na kumi na watatu chini yangu, na ni mmoja tu aliyenikosesha raha. Aliitwa Dou Caixia, mwaka wa pili uhandisi wa mitambo, binti mwembamba wa Huining aliyezoea kuficha viganja ndani ya mikono ya sweta lake la kijani hata siku za joto. Mimi sikuwa mwalimu wa kufundisha. Nilikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja pale Lanzhou: wakiugua naitwa, wakigombana naitwa, wakifeli naulizwa mimi.

Caixia alikuwa amefeli masomo matano. Kwetu, ukifikisha sita unafungasha virago. Hesabu ndiyo ingekuwa ya sita, na sapu yake, mtihani wa marudio, ilipangwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, wiki ya tatu ya Septemba.

Niseme ukweli mapema: nilichangia kumfikisha pale. Muhula mzima kiranja wa darasa alikuwa akiniletea daftari la mahudhurio, nami natia sahihi bila kuinua macho. Kumbe wenzake wa chumbani walikuwa wakimwitikia jina lake. Wiki sita binti wa watu hakukanyaga darasani. Alilala nyuma ya pazia la kitanda chake, akatoka saa za kula tu.

Nilipogundua, nikamtafutia Hao Lan, dada wa shahada ya uzamili mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Kila alasiri walikaa maktaba wakipiga msuli wa hesabu. Siku ya nne nikapita kuwaona.

"Huyu hesabu anajua," Hao Lan akaniambia mbele yake. "Ila anachojua zaidi ni kuogopa. Kungekuwa na somo la woga angeshakuwa profesa."

Caixia akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Kisha Hao Lan akamwekea mtihani wa mwaka wa nyuma, akavua saa yake na kuiweka mezani. "Saa mbili. Anza."

Kalamu haikwenda. Maswali yale yale aliyoyafanya jana akitafuna mbegu za alizeti, leo alikuwa anayatazama kama hajawahi kuyaona. Hao Lan akaitoa ile saa taratibu, lakini woga ulikuwa umeshamshika.

"Muda ukianza nasikia fataki," Caixia aliniambia baadaye, tukiwa koridoni.

"Fataki gani?"

"Za nyumbani. Siku barua ya chuo ilipofika baba alichinja kondoo wawili, akawasha fataki langoni, kijiji kizima kikaja kula. Mpaka leo watoto wanaambiwa, someni kama Caixia. Mwalimu, nikidisko, nikifukuzwa chuo, baba atapita njia gani?"

Nikamweleza kwamba kuna fomu ambayo mzazi lazima aisaini, kuthibitisha kuwa anajua hali ya mtoto. Akanishika mkono, jambo ambalo mwanafunzi wa kike hafanyi kwa mlezi wake.

"Baada ya mtihani. Alhamisi jioni nitampigia mwenyewe. Nakuomba, Mwalimu Pei. Niahidi."

"Nakuahidi," nikasema.

Jumatano mchana Mkuu Sheng, mkuu wa idara yetu, akaniita ofisini kwake.

"Fomu ya yule binti wa Huining iko wapi?"

"Kesho jioni, mkuu."

"Kesho? Na leo likitokea la kutokea, utasema nini? Umesahau yaliyompata mwenzako?"

Sikuwa nimesahau. Miaka miwili nyuma mvulana wa idara nyingine alitoka bwenini asubuhi moja na hakurudi. Wazazi wake hawakuwa wamejulishwa chochote, na mlezi wake aliachishwa kazi. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na hofu, na sitadanganya, haikuwa hofu ya Caixia peke yake. Nilihofia mkate wangu. Nikainua simu.

Mzee Dou alipokea akiwa shambani. Nilisikia jembe likigonga udongo, kisha likanyamaza. Nikamweleza yote. 

"Nakuja," akasema.

Sikumwambia Caixia. Nilijiambia nitamwona baada ya mtihani. Sikufikiria kwamba baba angempigia bintiye kabla ya kupanda gari.

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi, kiti chake kilikuwa kitupu. Nikapiga simu: inaita, haipokelewi. Mlango wa chumba cha mtihani ulipofungwa, nikampigia Shangazi Geng, matroni wa bweni la wasichana.

"Wewe Pei, ndio kwanza nimeweka chai yangu," akaanza.

"Shangazi, panda ghorofa ya nne. Mtazame Caixia."

Nilimsikia akipanda, akihema, akinitukana kidogo kidogo njiani. Kisha akaacha kunitukana.

"Hayupo," akasema. "Blanketi kalikunja vizuri sana. Ndara kazipanga. Simu kaiacha juu ya mto." Akapunguza sauti. "Mwanangu, kimbia."

Nikakimbilia geti la nyuma la chuo, lile linalotoka moja kwa moja mtoni. Mto Manjano ulikuwa umejaa kwa mvua za juu, mzito kama uji. Kando yake wazee walikuwa wakifanya mazoezi, mwanamke anapanga vikombe vya chai, na mimi nawauliza mmoja mmoja: mmemwona msichana, sweta la kijani? Wakatikisa vichwa. Nikakaza macho majini. Karibu na nguzo ya daraja kitu cha kijani kiliibuka, kikazama, kikaibuka tena. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kikageuka. Ulikuwa mfuko wa saruji.

Niliinama nikashika magoti, na simu ikaita. Mzee Dou alikuwa getini.

Akaja mpaka pale nilipo, mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, viatu vina udongo wa shamba bado. Nilijiandaa kwa makofi.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

"Tunamtafuta, mzee."

"Hayuko kwenye mtihani?"

"Hapana."

Akatazama wale wazee wa mazoezi, akatazama kile kikosi cha walinzi niliowaita, wakitembea ukingoni wakiangalia chini. Taratibu uso ukambadilika.

"Kwa nini tunamtafuta huku?"

Macho yangu yakaenda majini, naye akayafuata. Akachuchumaa pale pale kwenye mawe, mikono juu ya kichwa.

"Jana nilimwambia nakuja," akasema. "Hilo tu. Nilimwambia baba anakuja. Sikumgombeza, mwalimu. Naapa sikumgombeza."

"Kosa ni langu," nikasema. "Aliniomba nisikupigie, nikamwahidi, kisha nikakupigia."

Hakunisikia, au hakutaka. Tukatembea ukingo mzima, yeye mbele mimi nyuma, hakuna anayemtazama mwenzake. Saa tano kasoro robo ndipo Hao Lan aliponipigia. Alikuwa amefungua milango ya jengo la zamani la madarasa, mmoja mmoja, kuanzia chini.

"Yuko hapa. Ghorofa ya tatu," akasema, kisha akaanza kulia. "Mzima. Njooni polepole, msimshtue."

Caixia alikuwa amekaa sakafuni chini ya ubao, chaki mkononi, sweta la kijani limegeuka jeupe kwa vumbi la chaki. Alitoka bwenini alfajiri asikutane na baba, akaacha simu isimlilie, akaja kujizoeza mpaka muda ufike. Kengele ya mtihani ilipolia akashindwa kusimama. Basi akaendelea kuandika. Ubao wote ulikuwa umejaa hesabu, kutoka juu alipofikia kwa kusimamia vidole vya miguu mpaka chini kabisa.

Mzee Dou alisimama mlangoni. Binti alipomwona akajikunja kama anayesubiri kupigwa.

"Baba, nisamehe. Nimeshindwa kwenda."

Mzee hakuingia mara moja. Alikuwa anausoma ule ubao, yeye aliyeishia darasa la tano.

"Hizi zote umeandika wewe?"

"Ndiyo. Moja nimekosea."

"Ipi?"

Akamwonyesha kwa chaki. Mzee akaiendea, akaitazama kwa muda, kisha akakaa sakafuni kando yake bila kumgusa.

Mtihani ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kwa Mkuu Sheng nikamweleza habari ya daftari la mahudhurio na ya ahadi niliyoivunja. Nilipewa onyo la maandishi. Daktari wa chuo alimpima Caixia na kuandika kwamba ni mgonjwa, aahirishe mwaka. Kanuni ya kumwahirishia mgonjwa badala ya kumfukuza ilikuwepo siku zote. Kwa kuogopa kila kitu, sikuwa nimefungua kitabu cha kanuni kuitafuta. Akarudi kijijini na baba yake. Watu wakasema, kama watu wanavyosema. Hao Lan alimpigia kila Jumapili.

Septemba iliyofuata alirudi, akawekwa na wadogo zake wa mwaka wa nyuma. Siku ya mtihani wa hesabu nilisimama koridoni saa mbili nzima, jasho linanitoka. Alitoka akanipita bila neno, akaingia maliwatoni, nikamsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Mkono ulitetemeka mpaka swali la tatu," akasema. "Halafu nikaacha kuutazama."

Alipata sitini na nne. Kufaulu ni sitini. Masomo mengine bado yanamsubiri, na kila mtihani ukikaribia anaanza tena kuficha viganja. Mimi nami, simu ikilia kabla ya saa tatu asubuhi, huwa naiacha iite mara mbili nikijipa moyo wa kuipokea.