Kizibao cha Nadra

Bi Mwanamkasi, fundi cherehani wa Malindi, alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni: mjukuu wake Nadra, wa miaka saba, hakuwahi kukubali kupakatwa naye. Akimsogelea tu, mtoto huziba uso na kukimbia. Nadra ana usonji, na watu walishamwambia bibi asitie moyoni. Wapi! Alitia.

Basi mwalimu aliposema Nadra ashonewe kizibao chenye uzito, maana hutulia akielemewa kidogo mwilini, bibi aliidaka kazi hiyo kabla mtu hajamtaja fundi mwengine. Alishona vifuko ndani ya kitambaa cha pamba, akavijaza komwe za bao, akakifukiza udi. Kwake hakuna nguo iliyotoka bila udi. Kumkabidhi mtu nguo kavukavu, si aibu hiyo?

Nadra akakitupa chini.

"Komwe zinampigia kelele," alisema bibi. Akazitoa, akatia mchanga wa pwani aliouosha na kuuanika. Akakifukiza. Kikatupwa. Akageuza mishono yote kwa nje isimkwaruze, akafukiza tena. Safari hii mtoto alilia mpaka akatapika.

"Basi mama," alisema Mardhiya, bintiye, mamake Nadra. "Ushajitahidi."

"Nshajitahidi nini, na mtoto hakivai?"

Akashona kipya, cha mchanga vilevile. Asubuhi Mardhiya alipokifuata, makaa yalikuwa bado hayajashika kwenye chetezo. Mardhiya ana haraka zake. Akakinyakua hivyohivyo, bibi akibaki kulalamika mlangoni.

Saa sita simu ikalia. "Mama! Kakivaa! Kakaa kitako darasani, katulia!"

Bi Mwanamkasi alimshukuru Mungu. Kisha akakitazama chetezo. Akainusa kanga yake, akagusa asumini kichwani. Lahaula! Miaka saba mtoto anakimbia udi, na yeye anajifukiza zaidi kila akienda kumwona.

Siku ya pili alikoga maji matupu, akavaa dera lililoshinda juani, akaenda kwa Mardhiya. Alikaa mkekani. Hakumwita Nadra, hakunyoosha mkono.

Nadra alizunguka chumba mara mbili na kizibao chake. Kisha akaja kinyumenyume, akamkalia mapajani, akajiegemeza kifuani.

"Mama, unalia?" aliuliza Mardhiya.

"Nyamaza wewe, utamkimbiza." Bibi hakuthubutu hata kujifuta machozi. "Kumbe mzito hivi," alinong'ona.