Kitambaa cha Pili

"Dada, hilo gurudumu ni la pikipiki au la ndege?" mdogo wake aliuliza, kofia ngumu tayari kichwani. "Mtihani wa leseni ni saa nane. Nikichelewa, nasubiri mpaka mwakani!"

Dada mtu alikuwa akisawazisha uzito wa gurudumu, lisiyumbe barabarani. Tairi jipya alilivalisha kwenye rimu mwenyewe asubuhi, na sasa gurudumu lilining'inia kwenye ekseli yake kati ya viti viwili vya sebuleni. Alilisukuma taratibu. Likazunguka, likasitasita, likarudi kutulia palepale, upande mzito chini. Alikwisha kubandika vipande vitano vya uzito upande wa pili, na bado. Mwezi uliopita mdogo wake alianguka kwa sababu ya gurudumu lililoyumba.

"Bandika cha sita twende!"

Dada mtu akainama kukitafuta kati ya vyuma vya kubandulia tairi. Kando yake palikuwa na kitambaa kimoja cha kukinga rimu isichubuke. Asubuhi alikata viwili, kutoka shuka kuukuu.

Akatazama chini ya viti. Akajipapasa mifukoni. Kisha akalitazama tairi.

"Kitambaa," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekifungia humo ndani."

Mdogo wake akatazama saa ya ukutani. Halafu akavua kofia, akapiga magoti na kuanza kutoa upepo.

"Shika upande ule," alinung'unika. "Na ukisahau kidole humo, mimi sirudi kukitafuta."