Maharage ya Mwalimu Alois

Mwalimu Alois alifariki Jumanne akiwa mgambo mstaafu aliyepika maharage kwenye Vita vya Kagera. Kufikia Alhamisi asubuhi alikuwa ameshaangusha maadui saba. Hakuna jeshi linalopandisha watu vyeo haraka kama familia iliyofiwa.

Aliyempandisha ni Gabrieli, mwanawe mkubwa, ambaye tangu utotoni alitamani kuwa mtoto wa shujaa. Ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Akaurusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu thelathini na wawili wakaweka vikono vya dua, ikawa historia. Kuusoma akapewa Editha, mjukuu, karani wa mjini Morogoro mwenye sauti inayosikika.

Tabu ni kwamba Editha alikuwa ameahidi. Wiki tatu nyuma, huku kijijini Mlali, babu yake alimwambia akiwa anamenya chungwa, "Siku yangu utasoma wewe. Sema nilipika maharage, nikafundisha hesabu miaka thelathini na moja. Usinitilie chumvi." Editha akaitikia, "Sawa, babu." Alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote, na sasa alikuwa anamzika na karatasi ya uongo mkononi.

Alijaribu kumzuia Gabrieli. "Mjomba, hawa saba..."

"Soma kama ilivyo. Diwani yupo."

Akasoma. Alipofika kwenye saba, sauti ikamwishia.

Hapo akasimama Shukuru, mtani wa ukoo, ambaye msibani husema lolote na hakuna wa kumnunia. Alivaa koti la marehemu, chaki nyuma ya sikio, upawa begani mahali pa bunduki. Tangu asubuhi alikuwa akikagua waombolezaji kucha, na diwani alikutwa na uchafu.

"Editha!" aliita kwa sauti ya puani, ya marehemu mwenyewe, watu wakageuka kuliangalia jeneza. "Saba umeipata wapi? Onyesha njia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya Mwalimu maisha yake yote. Jibu lisilo na njia alilipa sifuri hata likiwa sahihi.

Editha akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama migomba.

"Sina njia, Mwalimu."

"Sifuri. Rudia."

Akaikunja karatasi. "Babu hakuua mtu," alisema. "Alipika maharage ya watu mia na ishirini, mara mbili kwa siku. Yaliungua mara mbili, na mara zote mbili alikiri. Akarudi kufundisha hesabu. Mimi nilikuwa mzito kweli kweli, na hakunichoka. Basi."

Gabrieli akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Nyuma kabisa akainuka mzee mwenye fimbo, mgeni kwa wote.

"Naitwa Eustace, nimetoka Kilosa," alisema. "Nilikuwa naye kule. Maharage yale niliyala, hata yaliyoungua. Tulitoka mstari wa mbele, hatujala siku mbili." Akaketi.

Gabrieli akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Lete daftari nisahihishe," Shukuru akadai. Daftari halikuwepo, kwa hiyo Editha akanyoosha kiganja cha kulia, naye akamchorea alama ya vema kwa chaki. Mwalimu alikuwa bahili wa vema. Darasa la tatu Editha aliambulia nne kwa mwaka mzima, na zote bado anazikumbuka tarehe.

Akakilinda kiganja wakati wa nyimbo, wakati wa sala, hata padre alipompa mkono wa pole akampa wa kushoto, padre akashangaa.

Zamu yake ya udongo ilipofika, wazo la kutumia wa kushoto lilimjia tena. Lakini babu alikuwa hapokei hata daftari kwa mkono wa kushoto. Akachota kwa wa kulia, akakaza ngumi, akatupia kaburini.

Alipofungua kiganja palikuwa na udongo tu. Vema ilikuwa imeshuka kwa mwenyewe, na Editha akalia kwa sauti inayosikika.