Gego Lililowatangulia Wenzake

Daktari alikwisha kuziba meno mengi, lakini hakuna lililomtoa jasho kama gego la bibi yake. Bibi alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, na tangu mjukuu huyo azaliwe alimwita mume wangu.

Mume aliifanya kazi kwa moyo wote. Alilichonga gego vijilima na vibonde vyake, akajisifu kimoyomoyo. Kisha akaweka katikati ya meno karatasi ya rangi, ile inayoacha doa pale meno yanapogusana, akamwambia bibi aume. Bibi alikuwa bado amelala chali, nusu ya uso imekufa ganzi, hamu yake ni kwenda nyumbani. Akauma ovyo, akasema sawa.

Wiki haikuisha, akarudi kashika shavu. Alilalamika kwamba gego lile linafika kabla ya wenzake. Maji baridi yanalichoma, na taya limechoka mpaka karibu na sikio.

"Utazoea, bibi."

"Hata babu yako nilimzoea," bibi akasema, "lakini yeye angalau alikuwa anatoka kwenda kazini."

Daktari alicheka, ila moyo haukutulia. Safari hii alimketisha wima, bila ganzi, akayakausha meno na kurudisha ile karatasi. Akamwambia aume taratibu, kisha asage huku na huku kama anayetafuna.

Alipochungulia, aliona doa moja jeusi juu ya kilima alichokichonga kwa mapenzi kuliko vyote. Magego mengine ya upande ule hayakuwa na alama hata kidogo. Kilima kilizidi kwa unene wa unywele tu, lakini nguvu yote ya taya ilikuwa inatua hapo, na taya lilijipinda kila mara kukikwepa. Akikiacha, siku moja gego lingepasuka.

Alichukua mashine, akasita.

"Unalihurumia jino au unanihurumia mimi?" bibi akauliza.

Akakipunguza kidogo, akapima, akakipunguza tena. Kila alipopima, alama mpya zilijitokeza kwenye magego ya jirani, mpaka yote yakawa na vidoa vidogo vya kulingana. Bibi akauma. Akauma tena, akiwa amefumba macho, na daktari, ambaye hakuwahi kumwona bibi yake akikosa neno, akaingiwa na hofu.

"Bado, bibi?"

"Niache nisikilize. Yanafika pamoja."

Daktari alimwomba radhi. Akakiri kwamba siku ile aliangalia uzuri wa jino lake, akasahau kwamba jino huishi na wenzake. Bibi akamwambia ndoa nyingi zimevunjika kwa kosa hilohilo.

Mjukuu akamsindikiza hadi barabarani. Bibi alifungua pochi, akatoa karanga, akaanza kuzitafuna upande uleule bila woga. Akamwekea na yeye kiganjani.

"Tafuna, mume wangu," akasema. "Nikusikie na wewe."