Gari Chini ya Turubai

Saa moja asubuhi, kabla chai haijamiminwa, familia nzima ya marehemu Chadrack ilitoka uani kuja kusikiliza gari. Ndiyo, kusikiliza. Sheria ilikuwa ya Dieudonné, mdogo wake marehemu: mjane atie ufunguo mbele ya macho ya watu, na siku gari litakapokataa tena kuwaka, funguo ziende kwake moja kwa moja. Basi walisimama pale wake kwa waume, mikono kifuani, na Naomie akaketi kwenye usukani huku mgongo umemlowa jasho kabla jua halijapanda.

Gari lilikuwa Noah kuukuu ya rangi ya fedha. Yeye na Chadrack walilinunua pamoja, nusu kwa mshahara wa mume, nusu kwa nyanya alizouza mke sokoni Mulongwe. Chadrack akiwa hai hakuna aliyeuliza ni la nani. Alipokufa, kila mtu akapata la kusema.

"Hauna mutoto, shemeji," Dieudonné alimwambia kwa sauti laini. "Gari ni ya nini? Kaa tu hapa, tutakulisha."

Kulishwa! Naomie alikuwa na miaka thelathini na minne na mikono yake mizima miwili. Alichotaka hakikuwa siri: kubeba mpunga kutoka Kiringye kuuleta Uvira, kazi aliyoifanya na mumewe miaka sita, na kwenda kuishi hukohuko Kiringye, kwenye chumba alichoahidiwa nyuma ya ghala la mpunga. Huku Uvira kulikuwa na ua mmoja, nyumba tatu, geti moja, na macho yasiyolala. Kwenda sokoni aliulizwa, kurudi aliulizwa. Akiondoka bila gari ataondoka mikono mitupu, na baada ya mwezi atarudi kuomba unga. Alilijua hilo, nao walilijua vizuri zaidi yake.

Tatizo ni betri. Ya kwanza, ile aliyoacha Chadrack, ilikufa wiki moja baada ya matanga kuanuliwa. Hilo halikumshangaza mtu, maana ilikuwa na miaka minne na ubavu umevimba. Naomie akakimbilia sokoni akanunua nyingine, ya buluu, inang'aa kweli. Siku kumi tu, nayo ikafa. Gia za gari hilo ni otomatiki, kwa hiyo hata walipolisukuma hadi barabarani waliambulia jasho na vicheko vya waendesha pikipiki. Hapo ndipo Dieudonné alipoweka sheria yake.

Naomie akaenda kwa Toussaint, fundi wa umeme wa magari kule Kavimvira, mtu mkavu asiyecheka na mteja. Toussaint aliigeuza ile betri ya buluu mara mbili, akakwaruza rangi kwa kucha.

"Ulinunua hii wapi?"

"Ku soko."

"Banakuibia, Mama Naomie. Hii ni ya zamani. Baliipaka rangi, bakaweka asidi mupya. Ona vifuniko, viko na alama ya bisibisi. Ona na hapa, tarehe baliifuta."

Walikwenda pamoja dukani, naye akamfundisha kama anayemfundisha mtoto kuchagua samaki. Kwanza tarehe iliyogongwa kwenye plastiki, isizidi miezi sita. Kisha uzito, maana betri nyepesi haina risasi ya kutosha ndani. Kisha vichwa vyake, chanya na hasi viwe upande uleule wa ile ya zamani, la sivyo waya hazifiki. Mwenye duka alitaka kuwapa ya sola kwa bei nafuu. Toussaint akaisukuma kando kwa goti.

"Hii inatoa moto pole pole, ni ya kuwasha taa mu nyumba. Gari inaomba nguvu yote kwa mara moja. Tupe ile ya ampea sitini."

Wakaifunga garini, wakalileta gari karakana kwake, naye akaanza kutafuta kinachonyonya betri. Aliwasha injini, akapima alternata: inachaji vizuri. Alizima, akafunga milango yote mitano kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine, akachomoa waya wa hasi, akaweka kipimo chake katikati, akaketi kwenye tairi kuu­kuu akingoja nusu saa ili gari litulie. Akachomoa fyuzi ya redio, akairudisha. Ya alamu, akairudisha. Sindano ya kipimo haikutikisika.

"Iko inakula kidogo sana," alisema, "kama saa ya ukutani. Haiko hii inaua batiri. Sasa niambie, inakufaka lini? Siku unatembea nayo?"

"Hapana. Nikienda Kiringye, kesho yake inawaka. Inakufaka ikilala siku mbili tatu ku nyumba."

Toussaint akaanza kukusanya vifaa vyake. "Basi ugonjwa hauko mu gari. Uko pahali gari inalala."

Naomie alirudi akiyawaza maneno hayo. Nyumbani gari lililala nyuma ya jiko, limefunikwa turubai zito mpaka chini, kwa amri ya Dieudonné aliyedai jua litaharibu rangi. Rangi! Nani mwingine angetaka betri ife? Akamwona kabisa moyoni, shemeji yake anainua boneti, anaunganisha waya wake, anacheka. Akachukua uzi mweusi wa kushonea, akaubandika kwenye ukingo wa boneti. Mtu akifungua, uzi utakatika.

Wiki hiyo mvua ikakata barabara ya bondeni na hakuna gari lililokwenda popote. Jumatatu Noah iliwaka kwa mlio mmoja. Jumanne iliwaka. Jumatano ilivuta pumzi kwanza. Uzi ulikuwa mzima, haujaguswa. Naomie alitamani ukatike, angalau amjue adui yake. Sasa hakuwa na wa kumshuku, na siku zilikuwa zinamminya. Alhamisi gari lilinguruma kizee, likakohoa, likawaka kwa taabu, na Dieudonné akatabasamu akitazama kiganja chake kana kwamba funguo zimeshafika. Alimwachia liwake dakika tano tu, kisha akaamuru lizimwe kwa sababu ya moshi.

Mchana huo wanaume walikuwa kazini na wanawake mtoni wakifua. Naomie alirudi peke yake kuchukua sabuni iliyosahauliwa, akasikia sauti kutoka chini ya turubai. Ilikuwa sauti ya kulia, ile ya mtu aliyejibana mdomo kwa kitambaa. Akainua turubai.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Mama Léocadie, mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi zaidi ya salamu.

"Mama! Unafanya nini humu?"

Mzee akajifuta uso haraka. "Usinisemee kwa Dieudonné. Alisema kilio kiliisha, mutu akilia tena anaita kifo kingine. Mu nyumba niko nalala na bajukuu, mu jiko kuko banamuke bote. Nitalia wapi? Minye nakujaka hapa siku yote. Hapa Chadrack alikuwa ananibeba kwenda misa."

Wiki zote hizo Naomie alimdhani mlinzi wa geti, yule mzee aliyekaa kimya barazani na kumtazama kila anapotoka. Mama Léocadie akashuka taratibu, kisha akausukuma mlango kwa viganja viwili, polepole, mpaka ukagusa. Ukagusa tu. Haukufunga. Kupitia upenyo wa kidole kimoja Naomie akaiona taa ya dari inawaka, chini ya turubai ambako hakuna jicho lingeiona, mchana na usiku.

"Mama, juu ya nini haufungi kwa nguvu?"

"Chadrack alikatazaka. Alisema, Mama, usipige mulango, utaharibu gari. Nilimusikia."

Madereva wote wa Uvira huwaambia abiria hivyo, na abiria wote husahau wakishashuka. Huyu hakusahau. Naomie alisimama pale akitaka kucheka na kupiga yowe kwa pamoja. Aliufunga mlango, akafungua waya wa hasi ili betri isinyonywe zaidi, akampigia Toussaint. Lakini umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu juzi, na chaja ya Toussaint ilikuwa imekaa kama tofali.

Ijumaa saa moja alirudisha waya, akatia ufunguo mbele ya wote. Tik-tik-tik-tik. Basi.

Dieudonné akanyoosha mkono. Baba mkubwa Onesphore, kaka wa marehemu baba yao na mkubwa wa ukoo, akamzuia kwanza. "Ngoja. Mwanamuke aseme. Ugonjwa wa gari ni nini?"

Sentensi moja tu ilitosha. Naomie alikuwa nayo ulimini, tayari. Akamtazama Mama Léocadie aliyekuwa mlangoni mwa jiko, vidole vyake vimeng'ang'ania pindo la kitenge, na akajichukia hata kabla hajafungua kinywa, maana alijua atakachosema.

"Ni minye. Sifungaka mulango muzuri. Taa inabaki inawaka."

"Mumesikia!" Dieudonné akapiga makofi. "Hata mulango hajui kufunga! Leta funguo."

Naomie akazichomoa. Zilikuwa nzito kuliko betri yoyote aliyowahi kuibeba, na hasira ilimpanda, si kwa Dieudonné, bali kwa moyo wake mwenyewe mpumbavu uliomfungia geti kwa mikono yake.

"Anadanganya," Mama Léocadie akasema.

Watu wakageuka. Mzee akaja mpaka katikati ya ua, akasema yote: turubai, kiti cha nyuma, mlango. "Minye niko nalia ndani. Kila siku. Huyu alijua tangu jana na hakunisema."

Uso wa Dieudonné ukasawijika kwa aibu, na aibu kwa mtu kama yeye hugeuka haraka. Alisema mama yao anailetea nyumba mikosi. Alisema kama ni kulia, akalie kwa kaka yake kule Runingu, mashambani, si hapa. Wengine wakainamisha vichwa, maana wengi nao waliiogopa mikosi hiyo. Baba mkubwa Onesphore akakata shauri. Gari halina ugonjwa, litabaki kwa Naomie, maneno yaishe. Na mama akapumzike Runingu, mpaka moyo utulie. Barabara ikifunguka, Naomie ampeleke.

Hivyo ndivyo alivyoshinda. Alipewa gari lake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa ndani ya ua mtu pekee aliyemtetea.

Jumatatu betri ilikuwa imechajiwa na barabara imefunguka. Vitu vya Naomie vilijaa kifurushi kimoja na masufuria matatu. Vya Mama Léocadie, mfuko mmoja na rozari. Hakuna aliyewasindikiza hadi getini isipokuwa watoto. Walipita Kavimvira, walipita Kiliba, miwa kulia na kushoto, na mzee akizungusha rozari vidoleni. Kaka yake wa Runingu alikuwa mgonjwa na mke wake hakuwa mtu wa kupokea wageni. Wote wawili walijua hilo.

Njia ya Runingu ikafika. Naomie hakupunguza mwendo.

"Tumeipita," Mama Léocadie akasema.

"Niliona, Mama. Kule Kiringye kiko chumba. Ni kidogo. Tutalala babili."

"Dieudonné atasema nini?"

"Atasema."

Mzee alitazama mashamba ya mpunga yakipita dirishani. Kisha akaanza kulia, bila kitambaa mdomoni, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kama wanavyolia watu siku ya mazishi. Akaita jina la mwanawe mara tatu. Naomie hakumwambia anyamaze. Akashika usukani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike Chadrack, naye akamwita.