Jina Kwenye Rejesta

Kwa miaka kumi na tisa Veneranda alizalisha wanawake wa Rujewa, na rejesta ya uzazi ilikuwa karibu haimjui. Hakuna aliyemwibia, tuseme ukweli. Ulikuwa utaratibu wa wodi: anaandikwa mkubwa wa zamu, kwa sababu likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayejibu. Wauguzi wa cheti kama Veneranda waliona wanalindwa. Walishukuru hata.

Kisha hospitali ikaingia ubia na chuo kimoja cha Iringa. Wauguzi wa cheti wangesoma diploma bila kuacha kazi: wiki moja kila mwezi darasani Ipogolo, mazoezi kwenye wodi zao wenyewe. Uongozi ukatangaza kwamba ubia ukiisha, asiye na diploma hatagusa tena leba, chumba cha kuzalishia. Veneranda, na miaka yake hamsini na mmoja, akanunua madaftari na miwani. Akasoma miaka miwili na watoto wa rika la mwanawe, akafaulu mitihani yote.

Ikabaki kazi ya siku moja. Mwalimu Nasrin alikuja kutoka chuoni kulinganisha vitabu vya mazoezi na rejesta za wodi. Cha Veneranda kilisema amezalisha wanawake arobaini, idadi iliyotakiwa ili apewe diploma. Mwalimu akapitisha kidole kwenye rejesta, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, hapa nakuona mara mbili tu. Wengine wote kazalisha Damari."

Damari, mkubwa wa zamu, alikuwa amesimama mlangoni. Alipoletwa leba miaka sita nyuma, na diploma yake mpya, hakujua pa kuanzia. Veneranda ndiye aliyemfundisha kazi.

"Ni yeye, mwalimu," Damari akasema. "Hata mwandiko ni wake, angalia. Ndiyo tunavyofanyaga hapa."

"Nikiandika hivyo, nitakuwa nimesema rejesta nzima ni ya uongo. Leseni yako itaulizwa."

"Basi iulizwe."

Veneranda akamshika mkono. "Nyamaza, mdogo wangu. Una watoto wadogo." Akamgeukia mwalimu. "Andika mara mbili."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni alikuwa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi. Angekuwa mkaidi kidogo tu miaka ile, akaandika jina lake mwenyewe, angekuwa na diploma.

Ubia uliisha Juni na haukufanywa upya. Veneranda akahamishiwa chumba cha sindano.

Wiki ya tatu huko, Damari alimjia mbio, glavu zikiwa bado mikononi. "Dada Vene, bega la mtoto limekwama. Daktari yuko kwenye upasuaji."

Veneranda akakimbia naye leba, akalikwamua bega. Baada ya dakika chache mtoto alilia, na mama yake akalia pia. Veneranda akanawa mikono, akaketi mezani, na kwa mazoea akavuta rejesta.

Damari akasogea, macho mekundu. "Safari hii andika jina lako, dada. Nakuomba."

Veneranda akachukua kalamu. Sasa hakuruhusiwa hata kuwa ndani ya chumba kile. Akiandika lake, atakayefukuzwa ni huyu aliyemwita.

Akaandika Damari, kwa mwandiko ule ule, akafunga rejesta na kurudi kuchoma sindano.