Daftari la Sukari

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ndivyo alivyolelewa Babu Lifti, na ndiyo maana alikwenda kwenye kampuni ya bima na daftari lake kwapani.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa ametengeneza lifti katika nchi isiyo yake, na kazi hiyo ina sharti moja: kasoro haifichwi. Ukiona waya umechakaa, unaandika. Mwenye jengo akigoma kuutengeneza, unaandika: imeripotiwa, mwenyewe amekataa. Kisha unazima umeme, unatundika kibao mlangoni na kwenda zako, hata akikutukana. Sukari ilipompata, aliifanyia hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja, kila asubuhi, alijitoboa kidole na kuandika namba. Presha aliandika. Macho yalipomfifia wiki mbili, aliandika na hilo.

Bima ya kazini ilikoma siku aliyostaafu, na mgeni mstaafu asiye na bima hapewi kibali cha kukaa. Kibali chake kilibakiza siku tisa. Binti yake, mtoto pekee aliyenaye, ameolewa hapa, amezaa hapa. Huko walikotoka, mzee hakubakiwa na mtu ila makaburi.

Basi wakapanda ghorofa ya sita, yeye, binti yake, na wakala wa bima, jamaa wa kwao mwenye maneno mengi. Dada wa bima aliwapokea vizuri, tena vizuri mno. Babu Lifti akamfungulia daftari.

"Angalia mwenyewe, mwanangu. Mashine inayotunzwa hivi haikuangushi."

Dada akaomba kulitolea nakala. Masikini ya Mungu, mzee akainuka kumsaidia kushika kurasa zisikunjike.

Baada ya nusu saa dada alirudi na karatasi nne. Ya kwanza ilitaja watakayogharamia. Tatu zilizobaki zilitaja wasiyogharamia: sukari na kila kinachotokana nayo. Moyo. Figo. Macho. Mishipa ya damu. Miguu yote miwili, kuanzia gotini kwenda chini.

"Sasa mmenikatia bima sehemu gani?" mzee akauliza.

"Ajali, mzee wangu. Na mafua."

"Nikianguka ngazini?"

"Itategemea. Kama hukuona ngazi kwa sababu ya macho, hiyo ni sukari." Akageuza karatasi ya mwisho, bado anatabasamu. "Na hiki kidonda ulichoandika leo asubuhi, kidole kidogo, mguu wa kushoto, siku ya nne. Tumekitaja peke yake ili baadaye kusiwe na utata."

Binti akamgeukia baba yake. Hakuwa na habari ya kidonda chochote. Mzee asiyeficha kitu alikuwa ameliambia daftari, mwanawe hakumwambia. Akajifanya anatafuta miwani.

Wakala akamvuta hadi kwenye korido. "Mzee, nani alikutuma na daftari? Nitakupeleka kampuni nyingine, kila swali tunajibu hapana. Wale wa vibali wanataka karatasi tu."

"Na nikiugua?"

"Watachimba, watakuta umedanganya, hawatalipa." Akainua mabega. "Kwani hawa watalipa?"

Babu Lifti alishikwa na kinyaa, kinyaa cha mtu aliyetafuna wali akakuta nzi. Kilichomchefua zaidi ni kwamba kijana alikuwa anasema kweli. Huku walimtaka mwongo, kule walimpokea mkweli ili wamnyonge kwa ukweli wake, na pande zote mbili mwili wake ulikuwa haumo. Lakini mjukuu wake alikuwa hapa. Akarudi ndani, akasaini ile ya kweli.

"Hongera, mzee," dada akasema na kumpa mkono. "Sasa una bima."

Mzee akaupokea, kwa sababu hakulelewa kukataa mkono wa mtu. Nje akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaufuta tena, na bado aliuona mchafu.

Nyumbani, Babu Lifti aliketi mezani, akafungua ukurasa wa siku ile, akatafuta mstari wa kidonda. Chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa kazini, taratibu, kama alivyoandika mbele ya wenye majengo wangapi sijui: Imeripotiwa. Wenyewe wamekataa. Halafu akakaa na kalamu mkononi. Miaka yote ile, baada ya maneno hayo alizima umeme, akatundika kibao. Safari hii hakujua azime nini.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma. Aliondoka, akarudi na beseni, sabuni na kitambaa safi, akapiga magoti sakafuni.

"Baba," alisema. "Leta mguu."

Mzee akaanza kuvua soksi. Ilikuwa imegandia kidondani.